Konsoli mbovu mahakamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu ambao padi zao za kuchezea gemu zimeanza kujisogeza zenyewe, konsoli zao (mashine za gemu kama PlayStation, Xbox au Switch) zimezima ghafla, na wamesikia kwamba "kuna kesi Marekani". Kesi zipo kweli, na nyingi. Zilivyoanza na zilivyoishia ni habari ndefu kuliko inavyosimuliwa mitandaoni.

Wateja wanadai nini hasa katika kesi hizi?

Wanadai kwamba kampuni iliuza mashine ikijua, au ikiwa na kila sababu ya kujua, kuwa ndani yake kuna kifaa kitakachokufa mapema, na haikumwambia mnunuzi. Hatuzungumzii konsoli iliyodondoka au iliyomwagiwa soda. Tunazungumzia mashine iliyotumika ilivyokusudiwa kutumika, ikaharibika kwa namna ileile kwa watu wengi wasiojuana.

Marekani, ambako kesi nyingi hufunguliwa, wateja wachache hushtaki kwa niaba ya wote walionunua bidhaa ile. Sababu ni hesabu. Jozi ya padi za Joy-Con, zile za konsoli ya Switch ya kampuni ya Nintendo, iliuzwa huko kwa miaka mingi kwa takriban dola 80, na hakuna wakili atakayepanda mahakamani kwa dola 80. Wakikusanywa wanunuzi wote, madai yanafika mamilioni, wakili anapata sababu ya kufanya kazi na kampuni inapata sababu ya kusikiliza. Utaratibu huu ndio silaha pekee ya maana aliyo nayo mteja mdogo pale, na kampuni zimefanya bidii kubwa kumnyang'anya. Tutaliona hilo chini.

Padi kujisogeza yenyewe: ni kasoro au ni uchakavu?

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo, kwa hiyo ni vizuri kujua kinachotokea ndani.

Chini ya kijiti unachosukuma kwa kidole gumba kuna ukanda mwembamba wa kaboni na kijiguso kidogo cha chuma kinachoteleza juu yake. Kijiguso kikihama, kiasi cha umeme kinachopita kinabadilika, na konsoli inasoma mabadiliko hayo kama mwelekeo. Kila ukisukuma kijiti, chuma kinasugua kaboni. Baada ya muda ukanda unalika, vumbi lake linasambaa, na vumbi la nje nalo linaingia. Mwisho wake unaachia kijiti kabisa, lakini konsoli bado inasoma kwamba umekisukuma kidogo kushoto. Mchezaji wako anatembea peke yake hadi ukutani. Kwenye menyu, alama ya kuchagulia inashuka bila kuguswa.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Fungua mipangilio ya padi kwenye Switch, nenda kwenye urekebishaji wa vijiti, kisha weka padi mezani usiiguse. Alama ikikaa katikati, kijiti ni kizima. Ikitangatanga, ukanda umeshaanza kulika.

Kampuni husema huu ni uchakavu wa kawaida. Katika mahojiano ambayo Nintendo yenyewe ilichapisha Oktoba 2021, mmoja wa wakuu wake wa teknolojia, Ko Shiota, alifananisha vijiti na matairi ya gari: yanagusana na barabara muda wote, kwa hiyo lazima yaishe. Jibu la wateja ni jepesi na mimi naliunga mkono. Ni kweli kila kinachosuguana kinaisha, lakini mnunuzi wa tairi anaambiwa litaisha, na tairi jipya anafunga bila kufumua gari zima. Aliyenunua Joy-Con hakuambiwa lolote, na kubadilisha kijiti kunataka bisibisi maalumu, kibanio na mkono wa fundi.

Nintendo ilishtakiwa lini, na kesi ziliishia wapi?

Switch iliingia sokoni tarehe 3 Machi 2017. Malalamiko yalianza mapema, na Julai 2019 kesi ya kwanza kubwa ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho ya Magharibi mwa jimbo la Washington, jimbo ambalo tawi la Nintendo la Marekani lina makao yake.

Siku chache tu baadaye vyombo vya habari vilichapisha maelekezo ya ndani kwa wahudumu wa wateja. Yaliwataka watengeneze Joy-Con zenye tatizo hilo bure, wasidai risiti wala kuuliza kama waranti imeisha, na wawarudishie pesa waliokuwa wamelipia matengenezo hayo zamani. Tizama mfuatano huo. Kwa miaka miwili watu walikuwa wakilipa. Kesi ilipofunguliwa na habari kuenea, ndani ya wiki moja huduma ikawa bure.

Mahakamani kwenyewe mambo yalikwenda polepole. Machi 2020 jaji aliwaelekeza wadai kwa msuluhishi, kwa sababu mkataba wa matumizi waliokubali walipowasha konsoli ulisema hivyo. Juni mwaka huohuo Shuntaro Furukawa, rais wa Nintendo, aliwaomba radhi wateja mbele ya wanahisa kwa usumbufu wa Joy-Con. Papo hapo akakataa kufafanua hatua za kampuni, akisema suala liko mahakamani.

Mawakili wakajaribu mlango mwingine: wakawaleta watoto kama wadai. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto hafungwi na mkataba ambao hakuukubali, na ni yeye anayecheza. Kesi ya aina hiyo ilifunguliwa Kaskazini mwa California mwaka 2020. Ikazama katika mabishano ya nani hasa mwenye madai, mzazi aliyenunua au mtoto anayetumia, na kufikia mwanzoni mwa 2023 Nintendo ilikuwa imeshinda. Katika safari yote hiyo hakuna mahakama ya Marekani iliyokaa ikasikiliza ushahidi na kuamua kama kijiti kina kasoro au hakina. Mtu akikwambia "Nintendo walishinda, kwa hiyo padi ni nzima", mwambie hilo halikuamuliwa.

Huyo msuluhishi ni nani, na kwa nini anazima kesi?

Ni mtu binafsi, mara nyingi mwanasheria au jaji mstaafu, anayesikiliza mgogoro nje ya mahakama na kutoa uamuzi unaowafunga wote wawili. Kwa kampuni mbili kubwa zinazogombana inaweza kuwa njia nzuri na ya haraka. Kwa mteja wa padi ya dola 80 ni ukuta. Anaingia peke yake, bila wenzake wenye shida ileile. Kikao hakifanyiki hadharani, na akishinda, ushindi wake haumsaidii jirani.

Aprili 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi iliyoihusu kampuni ya simu ya AT&T. Ilisema kwamba sheria ya shirikisho ya usuluhishi, ambayo ni ya mwaka 1925, inazipa nguvu kampuni kumfunga mteja asishtaki pamoja na wengine, hata kama sheria ya jimbo lake inapinga. Kampuni za gemu hazikuchelewa. Septemba 2011 Sony ilibadilisha masharti ya mtandao wa PlayStation ikaweka kifungu cha kumzuia mteja kushtaki pamoja na wengine. Desemba mwaka huohuo Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa Xbox Live.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko kasoro yenyewe. Mtu ameshalipa, ameshafika nyumbani, ameshafungua boksi, mtoto amesimama pembeni anasubiri. Ndipo skrini inamwekea kurasa za masharti na kitufe cha kukubali, na asipokubali mashine haimfai kitu. Kuyaita hayo makubaliano ya watu wawili huru ni kupotosha.

Mikataba mingi ya aina hii ya Marekani huacha upenyo mmoja: mteja anaweza kuandika barua ndani ya siku 30 kukataa usuluhishi na bado akaendelea kutumia mashine. Wachache sana wanaujua.

Ulaya walifanyaje?

Walipita njia nyingine, na wakafika mbali zaidi. Ufaransa, ambako kuifanya bidhaa iharibike mapema kwa makusudi ni kosa la jinai tangu mwaka 2015, chama cha watumiaji UFC-Que Choisir kiliishtaki Nintendo kwa mwendesha mashtaka Septemba 2020. Januari 2021 BEUC, shirikisho la vyama vya watumiaji vya Ulaya, lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya na mamlaka za nchi wanachama. Lilikuwa limekusanya malalamiko ya wateja karibu 25,000 kutoka nchi kadhaa. Kwa hesabu yao, asilimia 88 ya waliolalamika padi zao ziliharibika ndani ya miaka miwili ya matumizi.

Tume na mamlaka za nchi zikakaa mezani na kampuni. Mwaka 2023 Nintendo ilikubali kutengeneza bure vijiti vinavyojisogeza kwa wateja wa Eneo la Uchumi la Ulaya, Uingereza na Uswisi, hata kama chanzo ni uchakavu na hata kama waranti imekwisha. Hakukuwa na hukumu wala fidia ya fedha. Lakini mama wa Lisbon mwenye padi ya miaka minne alipata anuani ya kuipeleka ikatengenezwa, na ndicho alichokuwa anakitaka.

Uingereza nako shirika la watumiaji la Which? lilichapisha mwaka 2022 utafiti uliokuta wanne kati ya kila kumi wenye Switch ya kwanza wamepatwa na tatizo hilo.

Zile taa nyekundu tatu za Xbox 360 ziliishaje?

Hii ndiyo kasoro iliyogharimu pesa nyingi zaidi katika historia ya konsoli. Xbox 360, konsoli ya Microsoft, ilitoka Novemba 2005. Duara la taa za kijani kuzunguka kitufe cha kuwashia lilikuwa linageuka, robo tatu zinawaka nyekundu, na mashine haiwaki tena. Wachezaji waliiita pete nyekundu ya kifo.

Chanzo kilikuwa joto, lakini si joto peke yake. Ukiwasha mashine chipu inapanuka, ukiizima inasinyaa. Maelfu ya vitone vidogo vya lehemu vinavyoishika chipu vinavutwa huku na kule kila mara, hadi vingine vinapasuka. Wakati huo watengenezaji walikuwa wanahama kutoka lehemu yenye madini ya risasi kwenda ile isiyo nayo, ambayo ni ngumu na haipindi kirahisi. Mafundi wetu wa Kariakoo na Luthuli wanaijua habari hii kwa mikono yao: wameshazipasha moto bodi za 360, mashine inawaka wiki mbili tatu, kisha inarudi dukani. Kupasha moto kunaziba ufa kwa muda tu.

Tarehe 5 Julai 2007 Microsoft ilitangaza kuongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu tangu siku ya ununuzi, na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Peter Moore, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Xbox, alisimulia miaka baadaye alivyomwomba Steve Ballmer, bosi mkuu wa Microsoft wakati huo, dola bilioni 1.15, na kwamba milioni 240 kati ya hizo zilikuwa za kusafirisha tu: boksi tupu kwenda kwa mteja, mashine kwenda kwa fundi, na kurudi. Ballmer akakubali. Mwaka 2009 kosa jingine lenye namba E74 nalo likaingizwa kwenye waranti hiyo ndefu.

Naitaja kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kampuni inaweza kufanya jambo sahihi, tena kwa gharama kubwa, bila kusukumwa na hukumu. Ilichelewa. Wengi walikuwa wameshalipia matengenezo au kununua mashine ya pili. Hata hivyo ilifanya.

Nimesikia kesi ya Xbox ilifika Mahakama ya Juu. Ni hiyo ya taa nyekundu?

Hapana, ni ya diski. Wenye Xbox 360 walidai kwamba kiendeshi hakiishiki diski vizuri, na mtikisiko mdogo tu unaifanya iguse sehemu za ndani ikiwa inazunguka kwa kasi. Diski inatoka na mkwaruzo wa duara, na gemu ya dola 60 haisomeki tena. Microsoft ilijibu kwamba ni asilimia 0.4 tu ya wenye konsoli walioripoti mikwaruzo, na kwamba chanzo ni matumizi mabaya.

Mahakama ya chini iliwakatalia wadai kuwawakilisha wanunuzi wote. Wakabaki na uamuzi mgumu: waendelee na madai madogo ya mtu mmoja mmoja, yasiyolipa hata nauli, au watafute njia ya kukata rufaa mapema. Wakaamua kuyaondoa madai yao wenyewe, ili kesi ihesabike imekwisha na rufaa ifunguke. Mahakama ya rufaa ikawakubalia mwaka 2015. Tarehe 12 Juni 2017 Mahakama ya Juu ikakataa, majaji wote wanane waliosikiliza wakifika mwisho mmoja. Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba mtu hawezi kuyaondoa madai yake kwa hiari kisha akadai ana hukumu ya mwisho ya kukatia rufaa.

Jengo kubwa kuliko yote ya sheria nchini mle lilijadili diski zilizokwaruzwa, na swali la kama zilikwaruzwa na mashine halikuguswa.

Na Sony?

Februari 2021, miezi michache baada ya PlayStation 5 kutoka, Sony ilishtakiwa New York kwa madai kwamba padi ya DualSense inajisogeza. Teknolojia ya vijiti ni ileile ya kaboni na kijiguso, kwa hiyo hilo lisimshangaze mtu.

Kesi ya Sony yenye mafunzo zaidi inahusu PlayStation 3, ingawa haikuwa kasoro ya kifaa. Mashine hiyo iliuzwa tangu 2006 ikitangazwa kwamba unaweza kuiwekea mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama Linux. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony iliondoa uwezo huo kwa sasisho la programu namba 3.21. Aliyekataa sasisho alipoteza kucheza mtandaoni, aliyekubali alipoteza Linux. Kesi ilifunguliwa mwaka huohuo, ikafutwa, ikafufuliwa kwenye rufaa. Mwaka 2017 jaji alikataa makubaliano ya kwanza, na mwaka 2018 Sony ikakubali kutenga dola milioni 3.75, mteja akipata hadi dola 65. Miaka minane kwa dola 65, kabla hujajua wangapi wataomba.

Fidia huwa kiasi gani kwa kawaida?

Ndogo. Mara nyingi ni matengenezo ya bure, waranti ndefu, au pesa zisizonunua hata padi mpya. Mawakili hulipwa kutoka humohumo au pembeni yake, kwa idhini ya jaji. Anayeingia kwenye kesi hizi akitafuta utajiri atasikitika.

Kuna kesi za watu walioumia?

Zipo, na serikali huzichukulia kwa uzito zaidi. Ya kukumbukwa ni ya Nintendo 64. Katika gemu ya kwanza ya Mario Party kulikuwa na michezo ya kuzungusha kijiti kwa kasi, na watoto waligundua kuwa kiganja ni chepesi kuliko kidole. Wakatoka na malengelenge na michubuko. Mwanasheria Mkuu wa New York, Eliot Spitzer, aliingilia kati, na Machi 2000 Nintendo ilikubali kuwapa wenye gemu hiyo glavu, hadi nne kwa kila kaya, pamoja na kulipa gharama za ofisi hiyo dola 75,000.

Nyingine ni ya Wii. Ilipotoka mwishoni mwa 2006, watu walikuwa wakirusha mkono kucheza boling na tenisi, kamba nyembamba ya mkononi ikikatika, na rimoti ikaruka kwenye kioo cha televisheni. Kesi ikafunguliwa Desemba hiyohiyo, na Nintendo ikatangaza kubadilisha kamba milioni 3.2 kwa kamba nene.

Fundi wa mtaani akiifungua, waranti imekufa?

Marekani, hapana, si kwa sababu hiyo peke yake. Sheria ya waranti ya mwaka 1975 inamkataza muuzaji kumlazimisha mteja atumie fundi au kipuri cha kampuni tu ili waranti ibaki hai, isipokuwa akivitoa bure. Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliziandikia barua za onyo kampuni sita, na baadaye ikajulikana kwamba Sony, Microsoft na Nintendo zilikuwemo, kwa sababu ya stika na maneno ya kuwatisha wateja kwamba ukiifungua umepoteza waranti.

Kwetu mambo yanategemea karatasi ya waranti ya muuzaji wako. Ushauri wangu: kama waranti bado hai, usimpe fundi mwingine. Si kwa sababu ya sheria ya Marekani, bali kwa sababu muuzaji atatafuta kisingizio, na skrubu iliyokwaruzwa ni kisingizio kizuri.

Kampuni ikitengeneza bure, ina maana imekiri kosa?

Kisheria, hapana. Karibu kila makubaliano huandikwa kwamba kampuni haikiri lolote.

Niko Dar, Mombasa au Kampala. Naweza kujiunga na kesi ya Marekani?

Kwa kawaida huwezi. Kundi la wadai hutajwa kwa mipaka: walionunua Marekani, au jimbo fulani, kati ya tarehe hii na hii. Makubaliano ya Ulaya nayo ni ya wateja wa huko. Ndugu yako aliyenunua na anayeishi Birmingham au Oslo anaweza kuipeleka Joy-Con yake kwenye huduma ya Nintendo ya eneo lake. Wewe uliyeletewa kwenye begi huna uhakika huo.

Usilipe mtu yeyote anayekuambia kwamba kwa ada ndogo atakuingiza kwenye fidia ya Marekani. Fomu halali za madai hazitozi ada.

Basi sheria za kwetu zinanilinda?

Zaidi ya wengi wanavyodhani, hasa Kenya. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakwenda mbali kuliko ya Marekani pale penye uchungu: kifungu cha mkataba kinachomlazimisha mteja kwenda kwa msuluhishi hakiwezi kumzuia kwenda Mahakama Kuu, na mtumiaji anaruhusiwa kushtaki kwa niaba ya wenzake. Kwa mtu mmoja, njia fupi ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. PlayStation ya shilingi elfu sabini inaingia humo bila shida.

Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inatambua kwamba kitu kilichouzwa kiwe na ubora wa kuuzika na kifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayoshughulikia wauzaji wanaopotosha wateja, na pia bidhaa bandia, ambazo kwenye padi ni janga. Padi nyingi zinazoitwa "orijino" sokoni hazikutoka kiwandani kwa mwenye jina, na kijiti chake kikiharibika baada ya mwezi, mwenye jina hana habari nawe. Kabla ya kulaumu kiwanda, hakikisha ulichonacho ni cha kiwanda hicho.

Wa kumshtaki kwetu karibu kila mara ni aliyekuuzia. Yeye ndiye aliyepokea pesa yako na ana duka linalojulikana. Na yale maneno ya kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", yasikutishe hata kidogo ukiwa Kenya: sheria ya 2012 hairuhusu haki ya ubora ifutwe na maandishi ya muuzaji.

Nilinunua mtumba kutoka Uingereza au Dubai. Je?

Uko pagumu zaidi, lakini si pasipo na njia. Waranti ya kiwanda mara nyingi imeisha au ni ya nchi nyingine. Kilichobaki ni ahadi ya muuzaji. Mwombe aandike kwenye risiti namba ya mashine na maneno machache: "imejaribiwa, vijiti vizima, diski inasoma, waranti mwezi mmoja". Anayekataa kuandika anachokisema kwa mdomo amekujibu tayari. Jaribu palepale dukani: ukurasa wa kurekebisha vijiti, diski mbili tofauti, na uiache iwake nusu saa, kwa sababu bodi yenye lehemu iliyopasuka mara nyingi huzima ikishapata joto.

Wenye vibanda vya gemu nawasihi zaidi. Padi zenu zinachezewa kutwa nzima, na muuzaji atasema hayo si matumizi ya nyumbani. Mweleze kabla hujanunua kwamba ni za biashara, na hilo nalo liandikwe.

Nitunze ushahidi gani?

Risiti, boksi lenye namba ya mashine, na video. Video ndiyo inayoshinda mabishano: padi iko mezani, mikono yako inaonekana imeachia, na alama inatembea kwenye skrini. Ichukue siku ya kwanza unapoona tatizo, kisha mwandikie muuzaji ujumbe siku hiyohiyo, wa maandishi na si wa simu, ili tarehe ibaki. Ukisubiri miezi mitatu ukicheza hivyohivyo, umempa hoja kwamba uliipokea na kuiridhia.

Switch 2 imemaliza tatizo?

Vijiti ni vipya na vikubwa zaidi, lakini Nintendo ilithibitisha kabla ya mashine kutoka Juni 2025 kwamba si vile vinavyotumia sumaku, ambavyo havina msuguano wa kaboni. Mafundi wa iFixit waliozifungua walikuta njia ileile ya zamani. Mwezi mmoja kabla ya mashine kutoka, Nintendo pia ilisasisha mkataba wa watumiaji wake wa Marekani, na kifungu cha kutoshtaki kwa pamoja kimo. Anayenunua huko leo, au anayemnunulia ndugu huko, azitumie siku 30 za mwanzo: asome sehemu ya usuluhishi, na kama haitaki, aitume barua ya kukataa kwa anuani iliyoandikwa ndani ya mkataba huohuo, abaki na nakala na stakabadhi ya posta.